Alliance, Starehe au Strathmore: Neno la Mtoto Linafika kwa Nani?

Mzazi anayeniuliza ampeleke mwanawe shule gani huanza na matokeo ya mtihani, akaja kwenye karo, kisha akamalizia kwa swali fupi: "Kuna nidhamu?" Mara nyingi huwa ana maana ya ukali. Anataka kusikia kwamba lango linafungwa, kwamba simu haziruhusiwi, kwamba kengele ya alfajiri haichelewi na kwamba mtoto hatapata nafasi ya kupotea. Nimefundisha kwa miaka mingi na nimewasaidia wanafunzi wengi kuchagua shule, na nimeamini kwamba swali hilo halitoshi, kwa kuwa shule zenye majina makubwa karibu zote zina ukali wa kutosha. Zinapotofautiana hasa ni mahali pengine: mtoto akionewa, neno lake linafika kwa nani, kwa njia ipi, na baada ya muda gani.

Kwa kipimo hicho nitalinganisha shule tatu za wavulana nchini Kenya ambazo majina yake hutajwa kila msimu wa kuchagua. Alliance ni shule ya umma iliyoanzishwa na wamisheni, Starehe ni kituo cha hisani kilichojijengea njia zake chenyewe, na Strathmore ni shule ya binafsi ya kutwa. Zote tatu zinasifiwa kwa nidhamu, ila kila moja imeiweka nidhamu hiyo mikononi mwa watu tofauti.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Mtoto wa dada yangu alijiunga na shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, akiwa na sanduku la bati jipya, mashati manne, blanketi na ndoo. Siku ya kutembelewa, wiki saba baadaye, tulikaa chini ya mti na sufuria la pilau katikati yetu. Alikula bila kuinua macho. Nilipomshika mkono niliona ngozi ya vifundo vya vidole imechubuka na kuwa nyeupe, kama ya mtu anayefua nguo kutwa kucha kwa sabuni kali. Mashati yalikuwa yamebaki mawili. Nilipomuuliza akasema, "Mjomba, ni kawaida, mimi ni mono." Kwa wasiolijua, mono ni jina ambalo wanafunzi wa bweni nchini Kenya humwita mgeni wa mwaka wa kwanza. Alikuwa akiwafulia wakubwa wawili na kuwapangia foleni ya chakula, na kiranja wa bweni lake, ambaye ndiye angepaswa kupelekewa habari hiyo, alikuwa mmoja wa hao wawili. Mwalimu wa zamu alikuwa mtu mwema, nilizungumza naye mwenyewe, lakini baina yake na mtoto palikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wa mlango huo alikuwa nao kiranja.

Alliance: nguvu ya desturi na mzigo wake

Shule ya Upili ya Alliance, iliyoko Kikuyu, ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na jina lake limetokana na muungano huo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves, lakini mtu aliyeipa sura iliyo nayo hadi leo ni Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeacha nafasi yake ya chuo kikuu mwaka 1928 akaja kufundisha Maseno, shule ya wamisheni magharibi mwa Kenya, kisha akaiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Orodha ya waliopitia pale inafanana na historia ya siasa za Kenya: Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, Jaramogi Oginga Odinga, Charles Njonjo, Paul Ngei, na kwa sisi tunaotazama Pwani, Ronald Ngala. Francis mwenyewe, baada ya kuiongoza shule iliyokuwa kilele cha elimu ya Waafrika nchini, alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida Pumwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1966. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha maana ya utumishi ambayo shule ilikusudia kuifundisha, na kwa sababu mzazi anayeichagua Alliance anachagua pia urithi huo.

Nidhamu ya Alliance imejengwa juu ya nyumba na viranja. Mvulana anaingia katika bweni lenye jina, nahodha na historia yake. Anajifunza kuvaa, kusalimu, kuamka, kusafisha na kucheza kwa ajili ya nyumba yake kabla hajajifunza kufanya hivyo kwa ajili ya nafsi yake. Faida yake ni kubwa, na sitaki mtu adhani nazidharau desturi. Mvulana wa miaka kumi na mitano anayepewa jukumu la kuwaamsha wenzake hamsini na kuhakikisha bweni limepigwa deki kabla ya kifungua kinywa anajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha. Wahitimu wa shule hii, wanaojiita Busherian kwa kuwa shule yenyewe huitwa Bush, hutambuana popote walipo na husaidiana hadi uzeeni.

Hatari ya mfumo huo ni kwamba kiranja ndiye macho ya shule, ndiye mkono wake na, usiku taa zinapozimwa, ndiye pia sikio lake la pekee. Mwanzoni mwa 2017 maofisa wa Wizara ya Elimu waliichunguza Alliance, na ripoti yao ikaeleza jinsi wanafunzi wadogo walivyokuwa wakipigwa na kuteswa na viranja. Mkuu wa shule wa wakati huo akastaafu mapema. Iliwauma wengi, kwa sababu sala ya shule hiyo, inayosomwa tangu enzi za wamisheni, inamwomba Mungu kazi ya shule iwe kamili na maisha yake yawe ya furaha, ili watoke humo watu wenye nguvu za mwili, akili na tabia watakaowatumikia wenzao kwa uaminifu. Mzazi anayekwenda Kikuyu leo ana haki ya kuuliza kwa upole na bila woga ni nini kimebadilika tangu hapo: nani analala karibu na mabweni, kiranja anaruhusiwa kutoa adhabu gani, na adhabu hiyo inaandikwa wapi.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la Alliance peke yake, wala kwamba anayeumia ni mtoto mdogo tu. Mwezi Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne ndani ya vyumba vyao usiku, wakamwaga petroli na kuwasha moto, na viranja wote wanne wakafa. Kila ninaposikia mzazi akifurahi kwamba mwanawe amechaguliwa kuwa kiranja katika shule ambayo viranja wanaogopwa, nawakumbuka vijana wale wanne. Shule inayomfanya mtoto mmoja kuwa mwisho wa malalamiko ya watoto wengine inamhatarisha yeye pamoja nao.

Starehe: kusimama na kuuliza mbele ya wote

Starehe ilianza mwaka 1959 jijini Nairobi, katika vibanda viwili vya bati, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakizurura mitaani baada ya vita vya Mau Mau na Hali ya Hatari kuvunja familia nyingi. Waanzilishi walikuwa Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, yaani miaka 46, jambo ambalo si la kawaida kwa shule yoyote duniani. Kaulimbiu yao ni ya Kiswahili, "Natulenge Juu", na wanafunzi wengi husomeshwa kwa ufadhili, huku sehemu ndogo wakilipa karo kulingana na uwezo wa wazazi wao. Mtoto wa mama muuza mboga hulala kitanda kimoja cha ghorofa na mtoto wa mkurugenzi wa benki, na sare haimwambii mtu nani ni nani.

Asidhani mtu kwamba Starehe ni mahali pa kulegea. Griffin alikuwa amepitia jeshi, na tangu Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoundwa mwaka 1964 hadi 1988 aliiongoza hiyo pia, huku akiendelea kuiongoza shule. Gwaride, usafi, saa na kazi za mikono vilikuwa lugha yake ya kila siku. Lakini mtu huyo huyo wa gwaride aliweka desturi ambayo kwangu ndiyo hazina kubwa kuliko zote za shule hiyo, nayo ni baraza. Katika baraza, wanafunzi wote hukutana na mkurugenzi, na mvulana yeyote, hata aliyeingia wiki iliyopita, anaweza kusimama na kuuliza au kulalamika juu ya jambo lolote: maharagwe yaliyoungua, kiranja aliyemwonea, mwalimu asiyefika darasani, ratiba isiyofaa. Anajibiwa papo hapo au anaambiwa lini atajibiwa, na haadhibiwi kwa kusema.

Tazama desturi hiyo inavyobadilisha mambo kimyakimya. Kiranja anayejua kwamba jina lake linaweza kutajwa mbele ya shule nzima siku chache zijazo atafikiri mara mbili kabla ya kumtuma mtoto kumfulia shati. Mpishi atapunguza maji kwenye mchuzi. Na mvulana mwoga, ambaye hatasimama kamwe, hupata nafuu kwa kumwona mwingine akisimama akayasema yale yale yaliyomkaa rohoni. Hapa neno la mtoto halihitaji kupita mlango wa mtu yeyote. Linatoka kinywani mwake na kufika kwenye sikio la mkubwa wa shule, na shahidi ni kila aliyeketi pale.

Desturi nyingine ya Starehe inayostahili kutajwa ni huduma ya kujitolea. Wanafunzi wamekuwa wakipelekwa kufanya kazi bila malipo katika zahanati, shule na ofisi za umma, hasa baada ya kumaliza kidato cha nne. Kijana aliyesomeshwa kwa fedha za watu asiowajua hujifunza mapema kurudisha kwa watu wengine asiowajua.

Udhaifu wake nitausema pia. Baraza hutegemea sana moyo wa anayeketi mbele. Shule iliyoongozwa na mtu mmoja kwa miaka 46 hupata taabu kumpata wa kufanana naye, na tangu 2005 Starehe imekuwa chini ya wakurugenzi kadhaa. Mzazi asitosheke na sifa za enzi ya Griffin. Aulize baraza la mwisho lilifanyika lini, nani aliliongoza, na ni jambo gani lililobadilika kwa sababu ya lililosemwa hapo. Akijibiwa kwa mfano mmoja wa wazi, hata ukiwa mdogo kama wa chai kuongezewa maziwa, ajue desturi iko hai.

Strathmore: mlezi mmoja kwa kila mvulana

Shule ya tatu haina bweni kabisa. Strathmore, katika mtaa wa Lavington, ina mizizi katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa masomo ya kidato cha tano na cha sita, kikiwapokea wanafunzi wa rangi zote wakati shule za Kenya zilikuwa bado zimegawanywa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Malezi yake ya kiroho yanatoka kwa Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki, ingawa wanafunzi wa dini nyingine hupokelewa.

Nidhamu ya hapa inapita kwa mwalimu mlezi. Kila mvulana hupewa mtu mzima mmoja anayekutana naye mara kwa mara, wawili peke yao, wakazungumza juu ya masomo, marafiki, matumizi ya muda na tabia. Na mlezi huyo huyo huwaita wazazi na kuzungumza nao. Shule za mkondo huu husema wazi kwamba mzazi ni wa kwanza, mwalimu wa pili na mwanafunzi wa tatu, kwa maana kwamba mzazi asiyetimiza wajibu wake hawezi kumwachia mwalimu autimize. Neno la mtoto lina njia mbili za kutokea: linaweza kupita kwa mlezi mchana, au likasemwa mezani nyumbani jioni ile ile.

Kwa mtoto mpole, mwenye haya, au aliyefiwa na mzazi karibuni, sijui mpango mzuri kuliko huu. Gharama yake ndiyo kikwazo, kwa kuwa karo ya shule ya binafsi ya aina hii Nairobi ni mara kadhaa ya ile ya shule ya umma, na familia lazima iishi mahali ambapo mtoto anaweza kwenda na kurudi kila siku. Tena, nyumba yenyewe ikiwa na ugomvi, au wazazi wakirudi usiku mtoto ameshalala, ile njia ya pili hupotea, na mvulana hubaki na mlezi wake pekee.

Mambo ambayo fomu haiulizi

Kuhusu fedha, Alliance ikiwa shule ya umma hufuata karo iliyowekwa na serikali, ambayo kwa shule za kitaifa imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro, nauli na mahitaji ya sanduku. Starehe huangalia hali ya familia, na kwa miaka mingi imekuwa na fomu yake ya maombi inayotaka maelezo ya nyumbani kwa mtoto. Familia yenye dhiki ya kweli isione haya kuyaandika yote, kwa maana shule ilianzishwa kwa ajili yao.

Kuhusu dini, ndugu zangu Waislamu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki waulize mapema juu ya swala ya Ijumaa, futari ya Ramadhani na ruhusa za sikukuu katika shule zote tatu, na wapate jibu la maandishi. Ngala, aliyetoka Pwani, alikuwa Mkristo katika shule ya Kikristo; mtoto wa Kiislamu anahitaji kujua nafasi yake kabla ya kulipa nauli ya kutoka Lamu.

Jambo jipya ambalo wazazi wengi hawajalipima ni mabadiliko ya mtaala. Wanafunzi sasa huingia shule ya upili katika Gredi ya 10, wakiwa wakubwa kwa mwaka mmoja au zaidi kuliko waliokuwa wakiingia kidato cha kwanza, na hukaa miaka mitatu badala ya minne. Kwa kuwa mwaka 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza kipya, kundi la kwanza lililoingia Januari 2026 halikukuta darasa lililolitangulia kwa mwaka mmoja. Lilikuta kidato cha tatu na cha nne tu. Mwanya huo unaweza kuwa baraka, kwa sababu mnyororo wa kumwonea mgeni, ambapo kila darasa hulipiza kwa walio chini yake yale liliyotendewa, umekatika katikati. Mkuu wa shule mwenye busara atautumia mwanya huo kufuta desturi mbaya, na mzazi anaweza kumuuliza moja kwa moja ana mpango gani.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili na pia mateso ya kiakili. Mwalimu anayekwambia kwa tabasamu kwamba "hapa tunawanyoosha" mwombe akueleze kwa vitendo wanawanyoosha vipi.

Kwa walio na mabinti, Alliance Girls iko jirani na ile ya wavulana na ilianzishwa mwaka 1948, Starehe Girls' Centre ilifunguliwa 2005, na Kianda ndiyo ya wasichana katika mkondo mmoja na Strathmore. Maswali ni yale yale, pamoja na swali la ziada juu ya nani ana ruhusa ya kuingia bwenini usiku.

Hukumu yangu ni hii. Mvulana shupavu, anayependa michezo na kundi, asiyeogopa kusema hapana kwa mkubwa wake, Alliance itamkuza kuliko mahali pengine popote, mradi wazazi wamepata majibu ya kuridhisha juu ya viranja. Mvulana mwenye akili nyingi na mfuko mtupu aombe Starehe kwanza, na hata mwenye uwezo aiwazie kwa ajili ya baraza. Mvulana anayeficha maumivu yake asipelekwe bwenini kwa sababu ya jina la shule. Kama Strathmore ni ghali mno, shule nzuri ya kutwa iliyo karibu na nyumbani itamfaa kuliko shule maarufu iliyo mbali.

Mtoto wa dada yangu alimaliza masomo yake, ana kazi, na hatuzungumzi sana juu ya mwaka ule. Lakini mdogo wake alipofika wakati wa kuchagua, ni yeye aliyeomba kwenda naye kuziona shule. Katika shule moja aliwaacha wazazi wakimsikiliza mkuu, akatoka nje hadi kwenye mabomba ya kufulia. Alikaa huko karibu nusu saa. Aliporudi alimwambia mdogo wake, mbele yangu, kwamba wavulana aliowakuta pale walikuwa kila mmoja akifua nguo zenye jina lake mwenyewe.